Pawabenki Isiyochomekwa

Boksi lilikuwa na joto. Mleta vifurushi alilikabidhi mlangoni kwa mikono miwili, akajifuta viganja kwenye suruali, akaondoka bila kuomba saini.

Betri hakulitilia maanani. Jua lilikuwa kali. Betri ni jina alilopewa na watazamaji wake. Kazi yake ilikuwa kujaribu vifaa vya umeme mbele ya kamera na kuwaambia watu ukweli kabla hawajanunua. Safari hii ilikuwa pawabenki ya kuchajia simu, iliyoundwa kwa michango ya mtandaoni. Maelfu ya watu walichanga ikiwa bado ni mchoro, na sasa wote walikuwa wanasubiri kuletewa. Betri, kwa kuwa ni mjaribu, alitumiwa yake kwanza. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, baba wa kichanga aliyelia kila alasiri, naye alikuwa amechanga.

"Ikiwa mbovu uniambie mapema, bwana," alimwambia Betri. "Nipate muda wa kutunga uongo wa kumwambia mke wangu."

Betri alirekodi sebuleni, kwenye meza ya cherehani ya mama yake, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Aliinua pawabenki na kuanza kwa maneno aliyoanza nayo kila video.

"Karibu nyumbani. Kula unachotaka, kisha nionyeshe unachoweza."

"Akila anachotaka, wewe utabaki na nini?" mama yake akauliza akiwa nyuma ya kamera.

Watazamaji walimpenda mama huyo kuliko vifaa. Alikuwa mshonaji, na mguu wake ulikanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mkwewe, mke wa Betri, alizoea kusema kwamba siku mlio ule ukikoma, nyumba itasahau kupumua.

Video ilipowekwa mtandaoni, kampuni iliyounda pawabenki iliyasikia maneno yale na kuyapenda. Iliomba ruhusa ya kuiweka sauti ya Betri ndani ya kila pawabenki, iwe inasema mara tu inapowashwa kwa mara ya kwanza. Betri alikubali kabla hajamaliza kusoma ujumbe.

Utaratibu wake wa kupima ulikuwa mmoja. Kwanza aliikamua pawabenki kwa kuchaji simu za zamani mpaka iishe kabisa, kisha aliichomeka ukutani aone inachukua muda gani kujaa. Aliikamua. Taa zake nne zikazimika. Akatoka kwenda kununua waya. Aliporudi, taa zote zilikuwa zinawaka, na pawabenki ilikuwa pale pale mezani, haijachomekwa popote.

"Mama, nani ameigusa hii?"

"Niiguse mimi? Leo hata kutunga uzi kwenye sindano kumenishinda." Alikuwa amejilaza kwenye kochi, macho nusu. "Usingizi umenibeba mwanangu, sijui umetoka wapi."

Sebule ilinuka kitambaa kilichounguzwa na pasi. Pasi ilikuwa kabatini.

Betri aliona jambo moja tu: pawabenki inayojijaza yenyewe. Hakuna mjaribu aliyewahi kupata habari kama hiyo. Lakini alikuwa na kanuni. Jambo likitokea mara moja ni bahati. Halitangazwi mpaka litokee mara tatu. Akaikamua tena na kuiacha jikoni. Haikujaa. Akaiacha chumbani kwake. Haikujaa. Akairudisha sebuleni wakati mama amejipumzisha baada ya chakula, na ikajaa.

Siku hiyo mama hakuamka mpaka alipotikiswa. Alipofumbua macho alimwuliza mkwewe yule mgeni ameondoka saa ngapi.

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu."

Walimpeleka hospitali. Daktari alisema damu iko sawa, moyo uko sawa, ni umri tu. Lakini umri haukuwa umemzuia wiki iliyopita kushona sare za darasa zima. Sasa kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

Mke wa Betri alimvuta jikoni na kufunga mlango.

"Inajaa mama akilala karibu yake," alinong'ona. "Umeliona hilo, au unasubiri nikuchoree?"

"Nimeona mara mbili tu."

"Mara mbili *tu*?"

"Nahitaji moja zaidi. Niwe na uhakika."

Mke wake alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua. "Huyo ni mama yako," alisema. "Si waya."

Alasiri iliyofuata mke wake alikuwa kazini. Betri aliikamua pawabenki, akaiweka mezani, akasimama mlangoni na simu mkononi, ikirekodi.

Mwanzoni aliona alichotarajia kuona, mama yake amelala kwenye kochi, mkono mmoja ukining'inia, kisha taa ya kwanza ikawaka na mama akavuta pumzi, taa ya pili ikawaka na pumzi ikatoka fupi kuliko ilivyoingia, na cherehani ikaanza kulia, ile tiki-tiki-tiki aliyoisikia tangu akiwa tumboni, ingawa shuka lilikuwa juu yake na gurudumu lilikuwa limetulia, kwa maana mlio ulikuwa unatoka ndani ya pawabenki, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na alipoyafuta akaona kwenye kioo cha simu, si chumbani bali kwenye kioo tu, mtu amekaa kwenye kiti cha mama, ameipa kamera mgongo, ameuinamia ule mkono kama fundi anayetunga uzi, na kwenye ncha ya kila kidole anavuta kitu chembamba, cheupe, taratibu, bila wasiwasi, kama mgeni aliyeambiwa chakula chote ni chake.

Taa ya nne ikawaka.

Baadaye mke wake alimwuliza kwa nini hakuingia ilipowaka ya kwanza. 

Mganga, aliyeitwa na mke wa Betri, alifika asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na mfuko wa plastiki ambao hakuufungua. Aliigusa pawabenki kwa kidole kimoja, akakitoa haraka.

"Ameingiaje?"

"Ameletwa na boksi," Betri alisema.

"Boksi ni usafiri wake. Nauliza nani alimfungulia mlango."

Mke wa Betri alimwonyesha ile video ya kwanza, Betri akiikaribisha pawabenki. Mganga aliisikiliza, akaomba irudishwe, akaisikiliza tena.

"Basi mimi siwezi kumfukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuvamia. Ameitwa kwa heshima, akaambiwa ale. Aliyemkaribisha ndiye atakayemuaga."

"Nimwambie nini?"

"Kwenu mgeni akizidi mnamwambia nini?"

Sauti ikatoka kwenye kochi, nyembamba kama karatasi. "Mgeni siku mbili," mama alisema. "Ya tatu mpe jembe."

Mkwewe akacheka, kisha akafunika uso.

Betri aliishika pawabenki kwa mikono miwili. Ilikuwa inamchoma. "Umekula, imetosha," alisema. "Neno langu nalirudisha. Ondoka nyumbani kwangu."

Taa zikazimika moja baada ya nyingine. Kisha pawabenki ikajibu, kwa sauti ya Betri mwenyewe, ile ile ya kwenye video.

"Asante kwa chakula. Hapa naondoka."

Ikapoa mikononi mwake. Mama akavuta pumzi ndefu na kuomba chai, na aliyeleta alikemewa kwa kusahau sukari. Mganga peke yake hakutabasamu.

"Amesema *hapa*," alisema. "Yale maneno umeyasema wapi kwingine?"

Betri aliifuta video mbele yake. Kisha akakumbuka ruhusa aliyoipa kampuni. Akaiandikia kampuni, akaomba waitoe sauti yake, wazuie mzigo, akaeleza sababu kadiri mtu anavyoweza kueleza jambo kama lile kwa watu asiowajua.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, alasiri. Mama alikuwa ameirudia cherehani, anashona pindo la pazia na kulalamika kwamba uzi wa siku hizi ni wa kukatika tu. Mtoto wa jirani alikuwa analia.

*Mzigo umeshawafikia wote waliochanga. Asante kwa sauti yako.*

Betri aliinuka kwenda kwa jirani. Hakufika mlangoni. Kupitia ukutani aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa furaha, "Karibu nyumbani. Kula unachotaka."

Mama aliuondoa mguu kwenye kanyagio, akageuza kichwa kusikiliza. Mlio wa cherehani uliendelea, upande wa pili wa ukuta.

Mtoto akanyamaza.