Gari Lililolala Upande

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuwalisha nguruwe na kufagia uwanja, Fusi alichukua ndoo akaenda kwa Mjomba Haloti kuosha gari. Tangu Haloti arudi kutoka ng'ambo, Auckland, hakuna mtoto kijijini aliyepita nyumbani kwake bila kuchungulia uani. Hapo lilisimama gari jeusi, refu, lenye viti vya ngozi na paa la kioo.

"Nyie, toeni vidole vyenu hapo!" Haloti aliwafukuza watoto wengine huku akicheka. "Wa kuligusa ni mpwa wangu tu."

Fusi, mwenye miaka kumi na miwili, alivimba kichwa. Pale kijijini mtoto wa dada haombi kitu kwa mjomba wake, anachukua tu. Lakini Haloti alimpa hata kabla hajataka, na Fusi alimpenda kuliko watu wazima wengine wote.

Jumamosi moja alilikuta gari limelala upande. Pembe yake ya nyuma ilikuwa imeshuka mpaka ikakaribia kugusa tairi, kama ng'ombe aliyepiga goti. Haloti alitoka mbio akawasha injini. Gari likanguruma, likanyanyuka polepole mpaka likasimama sawa.

"Limefanya nini, mjomba?"

"Limelala tu. Haya hayana springi za chuma kama pikapu ya baba yako, yanakaa juu ya mifuko ya hewa. Usiku yanajipumzisha." Akamkonyeza. "Ila usimwambie baba. Nataka ajionee mwenyewe. Iwe siri yetu, eh?"

"Sawa, mjomba."

Muda si mrefu Lisiate, baba yake Fusi, akaja kulitazama gari lile, maana Haloti alikuwa akiliuza. Kilimo cha matikiti kilikuwa kimemchosha mgongo, na alitaka kuanza kubeba wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda hoteli za ufukweni. Pikapu yake yenye kutu hakuna mgeni ambaye angeipanda. Siku hiyo Haloti aliliwasha gari mapema, na Lisiate alilikuta limesimama wima, linameta. Alilizunguka, akafungua boneti, akaifunga kwa kuwa hakuelewa alichokiona. Kisha akamgeukia bintiye.

"Wewe ndiye unayeliosha. Hujaona tatizo lolote?"

Fusi alimtazama mjomba wake. Haloti alitabasamu, kidole kikigusa midomo kama mtu anayejikuna.

"Hapana, baba."

"Basi imetosha," Lisiate akasema kwa furaha. "Mwanangu hanidanganyi."

Pikapu ikauzwa, na akiba yote ya matikiti ikaenda kwa Haloti.

Raha haikudumu. Gari lilikunywa petroli mpaka sehemu kubwa ya nauli za wageni ikawa inaishia kituo cha mafuta. Tairi lilipopasuka, Lisiate aliuzunguka mji mzima wa Nuku'alofa bila kupata saizi yake. Kila asubuhi walilikuta gari limelala, na kila asubuhi lilichelewa zaidi kuamka.

"Ni kawaida yake, shemeji," Haloti alimjibu kwenye simu. "Utalizoea."

Fusi aliposikia hivyo akajituliza. Mjomba alijua magari, na mjomba hawezi kuwafanyia ubaya.

Siku moja ya likizo alipanda na baba yake kwenda kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Fua'amotu. Katikati ya njia taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, na mvuke ukafumka chini ya boneti. Walisimama kando ya shamba la mihogo, gari limelala upande kwa mara ya mwisho. Huku wakisubiri kuvutwa, mwenye hoteli alipiga simu. Wageni walikuwa wamesubiri juani na watoto wadogo, wakachukuliwa na dereva mwingine. Akasema Lisiate asijisumbue kuja tena.

Kwenye gereji, fundi Kapeli aliingia uvunguni na tochi.

"Bomba la maji ya kupozea injini ni la plastiki, limepasuka. Ndio ugonjwa wa haya magari yakizeeka. Na mfuko wa hewa wa nyuma unavuja, kwa hiyo pampu imefanya kazi bila kupumzika hadi ikaungua. Spea ni za kuagiza ng'ambo, kaka. Gari limeshuka bei, lakini spea zake hazijashuka hata kidogo."

"Mfuko umeanza kuvuja lini?" Lisiate akauliza.

"Zamani. Njoo uone gundi hii. Mtu aliuziba mfuko, gundi ikakauka, ukaachia tena. Aliyekuuzia alijua."

Lisiate akainama kuitazama gundi ile. Fusi akaikumbuka asubuhi ile uani kwa mjomba. Kumbe ile haikuwa siri ya kumfurahisha baba. Mjomba alimchagua yeye kwa sababu alijua baba atamwuliza, na atamwamini.

Alipofika nyumbani alilia, akaeleza yote: goti la gari, kukonyezwa, kidole mdomoni. Meliame, mama yake, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akajifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, kama ilivyo desturi ya kwao mtu anapoendea jambo zito, akamshika Fusi mkono, wakaenda kwa Haloti.

"Dada, gari lililotumika ni lililotumika," Haloti alianza. "Halina dhamana, kila mtu—"

"Nyamaza. Mimi sikuja kwa ajili ya gari." Meliame alimkatiza. "Ungemwambia Lisiate ni bovu, angechagua mwenyewe. Wewe ukaazima mdomo wa mwanangu kumdanganyia baba yake. Mtoto wangu, Haloti! Wa dada yako!"

Haloti alikaa chini. Hakuweza kumtazama dada yake usoni. Alikiri kuwa gari lilimfilisi Auckland, na akaona aibu kurudi kijijini mikono mitupu, bila kitu cha kuonyesha.

"Kwa hiyo ukatufilisi sisi," Meliame akasema.

Haloti alilichukua gari lake. Aliliuza kwa Kapeli kama spea, na safari hii alitaja kila ubovu. Pesa za Lisiate zilikuwa zimeshaishia kwenye madeni, na hizi hazikutosha, akauza na boti yake ya kuvulia samaki, mpaka Lisiate akapata pikapu nyingine. Msimu wote wa kupanda aliinama shambani pamoja na shemeji yake.

Siku moja akiwa shambani alimwita Fusi.

"Unanichukia, mpwa wangu?"

"Sikuchukii, mjomba. Lakini ukiniambia kitu, nitamwuliza mama kwanza."

Haloti aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jembe lake.

Njiani, akirudi nyumbani na mama yake kutoka shambani, Fusi alimwuliza kama na yeye alikuwa mwongo.

"Ulisema 'hapana' wakati ulikuwa umeona, na baba yako ameumia kwa neno hilo. Usilisahau," Meliame alijibu, akimvuta karibu. "Lakini aliyekubebesha uongo huo ni mtu mzima. Siri njema ni ile ambayo ikijulikana kila mtu anafurahi. Mtu yeyote, hata umpendaye vipi, akikuomba ufiche jambo ambalo mwenzako anahitaji kulijua, hiyo si siri yako. Mrudishie palepale, na uje uniambie."