Sharti la Mtaa wa Linden

Kila Jumapili baada ya kanisa, Lavonne Tibbs alipika kuku wa kukaanga na maharagwe ya kijani. Walaji walikuwa watatu: yeye, mumewe Thurman, na mama yake, Bi. Earlene. Waliishi nyumba ya kupanga ng'ambo ya reli, upande walikoishi Weusi wa Cutler Grove, mji mdogo wa Marekani, tangu zamani. Sasa walikuwa wamepata nyumba ya kununua katika mtaa wa Linden, upande wa Wazungu. Ijumaa walitakiwa kutia sahihi.

Jumapili hiyo kuku alipoa mezani. Thurman alikuwa akisoma hati ya zamani ya nyumba hiyo, akakuta maneno haya: "Asikae humu mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani."

Thurman akaisukuma karatasi. Alisema hawezi kununua kesi kwa fedha zake mwenyewe.

Bi. Earlene, mwenye miaka themanini na sita, hakushangaa. Ujanani alifanya kazi katika nyumba ileile, akilala chumba cha nyuma.

"Mnadhani nililalaje pale?" aliuliza. "Ni kwa hayo maneno ya mwisho."

Lavonne aliumia sana. Lakini kuuliza si ujinga. Jumatatu alikwenda ofisi ya hati za ardhi, na Thurman akamfuata akinung'unika.

Karani, Bi. Hruska, aliisoma hati akatikisa kichwa.

"Maneno haya yamekufa," alisema. "Tangu mwaka 1948 mahakama haziwezi kuyatekeleza. Tangu 1968 sheria inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake."

"Kama yamekufa, mbona hayajazikwa?" Thurman akauliza.

"Yanamsubiri mwenye nyumba. Nunueni kwanza. Kisha mjaze fomu hii, mwanasheria wa kaunti aipitie, nasi tutasajili kwamba sharti limeondolewa. Na mtu akiwanyima nyumba kwa rangi yenu, msiondoke hivi hivi. Andikeni siku, jina lake na maneno aliyosema, mkapeleke malalamiko serikalini."

Akaongeza kwamba karibu hati zote za mtaa ule zina sharti hilo. Wenyewe hawajawahi kuzisoma.

Ijumaa wakatia sahihi. Fomu yao ikapita. Walipokuwa wakipaka rangi nyumba, Lavonne alizunguka mtaani na fomu mkononi, akibisha mlango kwa mlango. Wawili walimfungia mlango. Mzee mmoja Mzungu alitafuta hati yake, akaisoma mara mbili, uso ukamwiva, akaomba kalamu. Hadi kufikia masika, nyumba tisa zilikuwa zimeondoa sharti.

Siku ya kuhamia, Thurman alimshika mkono mkwewe mlangoni.

"Haya, mama, chagua chumba. Mimi mke wangu ameshanikataza kuchagua."

Bi. Earlene alipita sebuleni polepole, akasimama kwenye chumba chenye dirisha la barabarani.

"Kitanda changu kiwekeni hapa mbele," alisema. "Kile chumba cha nyuma, baba, weka mabuti yako."