Mtamba wa Sita

Mwaka ule wa 1974 sukari ilikuwa ya kupigania. Nyamoita alikuwa kwenye foleni mbele ya duka mjini Kisii, gauni lake la maua limepigwa pasi, mwenye duka alipotangaza kuwa imebaki pakiti moja. Ikamwangukia kijana wa mbele yake, Joash, karani wa ushirika wa pareto, shati jeupe na tai nyembamba.

"Tugawane, dada."

"Nusu yangu nitaibeba kwenye kiganja?"

"Basi tuinywe pamoja mpaka iishe."

Na waliinywa kweli! Miezi minane ya chai, na simu za kila siku kwenye duka ambako Nyamoita alishona kwa cherehani ya kukodi. Baba yake akaenda kwa kina Joash kukagua ng'ombe wa mahari. Akakuta mitamba sita, akaridhika. Harusi Desemba.

Kisha Mokeira, binamu yake Nyamoita, akaja mbio: mmoja wa wale sita, mtamba mwekundu, ameuzwa soko la Nyamache!

Simu ilipolia, Nyamoita aliinyakua.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Ng'ombe akishakaguliwa hauzwi, Joash! Kama umenichoka, si ungesema tu?"

Akakata, akalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.

Jumamosi Joash akafika anasukuma mkokoteni, tai imempinda, jasho linamtiririka. Akafunua blanketi. Cherehani mpya, nyeusi, inang'aa.

"Risiti ina jina lako. Vitu vimepanda, watu hawanunui nguo mpya, wanatia viraka. Wewe unashona hadi vidole vinavimba, na nusu anachukua mwenye cherehani. Hii itatulisha. Mtamba tutanunua mwingine."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa kabisa, mjinga wewe!" Lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye gurudumu la cherehani, unalizungusha taratibu, na moyo umemlainika wote. "Mwambie baba harusi ni Aprili; mpaka hapo hii cherehani itakuwa imenunua mtamba. Na asijue mtamba anatoka wapi."

"Yaani ujitolee mahari mwenyewe?"

"Nusu tu, mpenzi. Nusu nyingine utatoa wewe."

Aprili mtamba wa sita akaingia bomani kwa kina Nyamoita. Mzee akamkagua meno, akampapasa mgongo, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Huyu kijana anajua kutunza mali," akasema.

Nyamoita akauma midomo asicheke. Alikuwa akitazama goti la suruali ya baba yake, lenye kiraka alichokishona mwenyewe kwa cherehani ile, na ambacho mzee alikuwa amekilipia shilingi moja taslimu.