Filimbi ya Ng'ambo

Gari lilikwisha kuuacha mji nyuma, na binti alilala kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Madirisha yalikuwa wazi, upepo ukiingia na harufu ya majani mabichi. Mama huyu, fundi cherehani wa sare za shule, hakuwa amepata mapumziko tangu aolewe, na asubuhi ile alijisikia mwepesi kama nguo iliyoanuliwa juani. Mumewe akaharibu.

"Leo Mama Sakafu atapaa," akasema, akicheka peke yake kwenye usukani.

Ndugu zangu, jina hilo alimbandika yeye mwenyewe. Alikuwa fundi wa minara ya simu, na mtaa mzima ulimwita Mwewe. Mkewe hakuweza kupanda hata ngazi ya kutundika pazia. Mahali pa juu palimtisha. Lakini ugonjwa wa nyumba ile haukuwa woga. Ulikuwa kicheko. Mume alimcheka mbele ya wateja na mbele ya wakwe, mpaka mtoto naye akajifunza kusema, "Mama Sakafu, nishushie begi langu kabatini, kama unaweza!"

"Uliniambia tunakwenda kupumzika," mke akasema.

"Utapumzika ukishavuka."

Wakafika kwenye korongo ambalo watu huja kulivuka kwa raha zao, wakining'inia kwenye waya. Ng'ambo haikuonekana. Ukungu ulijaa pomoni, na waya uliingia humo ukapotea. Kando yake lilikuwapo daraja la kamba la wafanyakazi. Mwongozaji, mtu wa maneno machache, akawavisha mume na mke mikanda.

"Nikiita 'tayari', mwenzangu wa ng'ambo anajibu kwa filimbi," akasema. "Hapo ujue kashakaza breki. Bila filimbi haondoki mtu. Sauti ya mtu humu hatuifuati."

"Kwa nini?" mke akauliza.

Mwongozaji akatazama pembeni. "Ndivyo tulivyoikuta kazi."

"Acheni kutisha watu!" Mwewe akacheka. "Mimi ndoano hizi nazifunga nikiwa usingizini. Navuka na binti. Mama yake akibaki peke yake, aibu itamsukuma."

"Mtoto ana mkanda wake. Ngoja nikaulete, msiguse kitu," mwongozaji akasema, akaelekea kibandani.

Mwewe hakungoja. Alijining'iniza kwenye kapi, lile gurudumu linaloteleza juu ya waya, akamvuta binti apate kumpakata. Mke akamdaka mtoto kiunoni.

"Mtoto hapandi."

"Hebu achia, Mama Sakafu!"

Mke hakumwachia. Akaketi palepale juu ya mbao za jukwaa la kuondokea, mtoto kifuani. "Nicheke utakavyo, bwana. Hapandi."

"Haya, kaa na sakafu yako." Mwewe akaugeukia ukungu, akapaza sauti: "Tayari?"

"Tayari! Njoo!"

Jibu lilikuja upesi mno, hata hajafumba mdomo. Mke nywele zikamsimama. Ile ilikuwa sauti ya mumewe, pamoja na kikohozi chake kidogo cha mwisho.

"Hiyo ni sauti yako! Ngoja filimbi!"

"Mwangwi huo, mama."

"Mwangwi gani? Wewe hukusema 'njoo'!"

Mwewe alikwisha kuchomoa pini iliyozuia kapi. Waya ukalia, ukungu ukammeza. Kisha kishindo. Kisha kimya, na baada ya kimya, filimbi ikapigwa mfululizo, filimbi ya kuomba msaada.

Mwongozaji akaja mbio. "Nani kamruhusu?"

Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa ng'ambo. Mke akamkabidhi mtoto kwa muuza tiketi wa pale kibandani, akashika kamba za daraja. Mwongozaji akatangulia na sanduku la dawa. Mbao zilinesa. Mke alisogeza mkono mmoja, kisha mwingine, taratibu, kama anayepitisha kitambaa chini ya sindano.

Walipofika katikati, sauti ya mumewe ikapanda kutoka chini, lakini ya upole, upole ambao mumewe hakuwahi kuwa nao.

"Mke wangu, chungulia. Niko huku."

"Usijibu," mwongozaji akasema bila kugeuka.

Mke alitamani kutazama. Jamani, alitamani! Akakaza macho kwenye mgongo wa mwongozaji, akasogeza mkono.

Ng'ambo, Mwewe alilazwa chini, taya limevunjika, nyonga imeteguka, amezimia. "Tangu agonge nguzo hajatoa hata sauti," akasema yule wa filimbi.

Funzo

Ndugu msomaji, usimcheke wa kwako kwa kinachomtisha. Woga wa mama yule ulimfanya asikilize. Kicheko cha mumewe kilimziba yeye mwenyewe masikio. Mtu husaidiwa kuvuka kwa kushikwa mkono, hasukumwi kwa aibu. Na ukikuta watu na taratibu yao ya kazi, ifuate, hata kama hawakupi sababu.

Ama wao, Mwewe alipona, lakini nyonga haikukaa sawa na minara hakupanda tena. Siku hizi hushona vifungo dukani kwa mkewe. Mama bado anaogopa. Pazia hutundika mwenyewe, polepole, binti akiwa ameshika ngazi. Binti humwita "Mama" tu, bila Sakafu. Mwongozaji na mwenzake wapo kazini na filimbi yao. Na Mwewe, ukimwita kutoka nje, haitiki mpaka kwanza akuone uso.