Mdoli wa Chumba cha Pili

Aliyemwambia fundi cherehani kwanza ni wifi yake, aliyekuwa akiwapaka waigizaji poda. Aliingia chumba cha kushonea, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mdoli amekojoa."

Fundi cherehani alicheka nusura ameze pini. Akamjibu basi amchukulie nepi, maana za mwanawe siku hizi zinashinda kavu. Aliyasema kwa mzaha, lakini neno lilipomtoka kicheko kikamkauka. Kweli zilikuwa kavu.

Mtoto alikuwa amelala kwenye kapu chini ya meza. Hakuwa akilia tena. Alishika ziwa akaliachia, na kila mama yake alipombeba alimwona mwepesi kuliko jana.

Ghala walimofanyia kazi lilikuwa la kurekodia tamthilia ya runinga kuhusu malimwengu mawili yanayokwenda sambamba. Mwanamke anafungua mlango wa chumba chake, anajikuta kwenye chumba kilekile cha ulimwengu mwingine, ambako cha kulia kiko kushoto. Mume wa fundi, seremala, ndiye aliyekijenga chumba hicho cha pili. Kwa haraka ya kazi akaiga chumba chao wenyewe: kitanda, pazia, hata kitanda cha kubembezea mtoto. Naye fundi akashona mdoli wa kulala humo, akamjaza nguo za mwanawe zilizokuwa zimembana. Kisha chumba kikakaa muda mrefu bila kutumika. Na nyumba isiyo na mwenyewe haikosi mpangaji.

"Usiingie humo peke yako," wifi alimsihi. "Mngoje kaka arudi na mbao."

"Akirudi, mwanangu atakuwa amebaki na uzito gani?"

Adhuhuri, watu walipotoka kwenda kula, alichukua mkasi akaingia chumba cha pili. Kwanza ilimpokea harufu ya maziwa yaliyochacha, kisha mlio wa kitanda kikibembea, kwi, kwi, kisha wimbo, wimbo aliomtungia mwanawe na ambao kwa haya hakuwahi kuuimba mbele ya mtu, ukiimbwa kwa sauti yake mwenyewe, na alipopapasa ukuta pale ambapo nyumbani pana swichi hakukuta kitu, kwa kuwa humu kila kitu kiko upande wa pili, na alipogeuka akamwona mwanamke ameketi kitandani, gauni lake, shingo yake, mguu mmoja ukibembeza kitanda kitupu cha mtoto, amempakata mdoli, na mdoli ananyonya.

"Chumba kimejengwa, kitanda kimetandikwa, mtoto ameletwa," yule alisema bila kuinua uso. "Mmenialika wenyewe. Leo unanifuata na mkasi?"

Fundi ni mtu ambaye mbele ya wageni hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona. Lakini mama hamwonei haya mwizi wa mwanawe.

"Kitanda kapigilia mume wangu. Shuka nimeshona mimi. Mtoto nimemzaa mimi. Wewe umeleta nini hapa?"

Yule aliinua uso, nao ulikuwa uso wa fundi mwenyewe, ila haukuwa na tone la jasho.

Fundi akampokonya mdoli. Alikuwa mzito, wa moto, anapumua. Mkono ulisita, kisha vidole vikautafuta mshono vilioushona vyenyewe. Akafumua mgongo toka shingoni hadi chini, na vinguo vikamwagika miguuni pake, vimelowa chepechepe. Nyuma ya ukuta, kutoka kwenye kapu, mwanawe akaangua kilio kilichojaza ghala zima.

Kitandani hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limebonyea.

Jioni seremala alitaka kukibomoa chumba. Mkewe akakataa. "Tukibomoa, atahamia kinachofanana nacho, na unajua ni kipi. Hiki kinataka mwenyewe tu."

Asubuhi yake, taa zikiwa zimewashwa na kamera ziko tayari, fundi alipita katikati ya watu wote na mwanawe begani, akaketi kwenye kitanda cha ulimwengu wa pili, akafungua vifungo, akanyonyesha. Mwongozaji alimwomba kwa upole awapishe. Akamwambia angoje, mtoto hajashiba.

Kando yake kitanda kitupu cha mtoto kikaanza kubembea, kwi, kwi. Hakugeuka kukitazama. Alinyoosha mguu, akakikanyaga, kikatulia.