Pumzi ya Mfano

Hewa ukaa iliingizwa kidogo kidogo ndani ya sanduku la kioo, na vifaa vitatu vilivyokuwemo vilitakiwa kupiga kelele. Simu ililia kwanza. Miwani ya kazi ikafuata, vioo vyake vikageuka vyekundu. Bangili ya plastiki ilikaa kimya, taa yake ya kijani ikiwaka kana kwamba haikuwa mle sandukuni.

"Bangili bado," alisema Tumpe.

Alikuwa ndiye mtunzi wa Mnusaji, programu ya kuwalinda watu wa mahandakini. Ilikuwa imeandikwa mara moja tu, kwa msimbo mmoja. Mtambo wa karakana uliusaga msimbo huo na kuutolea miili mitatu: wa simu, wa miwani na wa bangili. Popote ilipovaliwa, ilipaswa kunusa hewa, kusikiliza pumzi ya mvaaji na kupeleka habari kwenye ukuta mkubwa wa mwanga uliokuwa mwishoni mwa karakana.

Jiji la Mvukeni liliishi kwa joto la mlima. Nyungunyungu wa chuma, roboti warefu wasio na macho, walitoboa mwamba kutafuta mvuke, na nyuma yao walitambaa mafundi wa kufunga mabomba. Vidole vya roboti vilikuwa ghali. Vya binadamu vilipatikana.

"Wageni wanakuja kesho, binti," alisema Bwana Mzeru, mkuu wa karakana. "Niwaambie nini? Kwamba wenye bangili wasubiri?"

"Hao ndio wanaoihitaji, mkuu. Miwani inavaliwa na mainjinia, na mainjinia hawashuki. Kipimo cha bangili ni kizima. Daraja la kukiunganisha na msimbo wetu ndilo sijalimaliza."

"Basi iwekee kitu cha kuonyesha. Haya ni maonyesho, si kazi."

Karakana ile ilikuwa na desturi yake: mtu wa kwanza kuvaa kifaa kipya alikuwa ndugu wa damu wa aliyekitengeneza. Waliamini kwamba hakuna anayelipua kazi itakayomfunga ndugu yake mkononi. Kwa hiyo mchana ule Tumpe alimwita mdogo wake, Ambakisye, fundi bomba wa Handaki la Chini, ili arekodi pumzi yake iwe mfano.

"Dada, hii inabana kama pingu."

"Nyamaza, upumue kama mtu."

"Kama mtu gani? Mimi napumua kama fundi. Kupumua kama mtu hawajatufundisha."

"Ambakisye, nina kazi."

"Haya, haya. Napumua. Ona kifua hiki, dada, mwanamke gani atakikataa?" Na hapo hapo akacheka mwenyewe.

Kwenye kioo cha kompyuta ya Tumpe, mstari wa pumzi yake uliruka vijiruko vitatu, kisha ukatulia.

"Nimekuharibia?"

"Umeniharibia. Lakini wageni hawatajua." Muda ulikuwa umembana, hakurudia. "Bangili ni yako sasa. Ndiyo desturi."

Akauunganisha mfano huo na msimbo: pale ambapo bangili itashindwa kusoma kipimo chake, ionyeshe hewa safi na pumzi ile iliyorekodiwa, ikizunguka bila kukoma. Kwenye kona ya kioo akaandika neno MFANO kwa herufi kubwa. Bwana Mzeru alilitazama akakunja uso.

"Neno hilo linatia watu mashaka. Litoe."

Tumpe akalitoa.

Wageni walipiga makofi. Juma lililofuata bangili zikagawiwa kwa zamu nzima ya Handaki la Chini, na vibatari, ambavyo miaka yote vilizimika vilipokutana na hewa mbaya, vikakusanywa na kufungiwa stoo. Tumpe aliposikia, alimfuata Bwana Mzeru mpaka mlangoni kwake.

"Mkuu, ile haisomi hewa. Inaigiza."

"Najua inaigiza. Wewe si unamalizia daraja? Ukimaliza tutalirusha hewani, bangili zitajisasisha zenyewe, hakuna atakayejua kulikuwa na pengo."

"Warudishiwe vibatari kwanza."

"Wageni wameshaambiwa kwamba Mvukeni haitumii tena vibatari."

Jioni alimwonya mdogo wake. Ambakisye alikuwa akila ndizi za kupika, amekalia ndoo.

"Usiiamini hiyo bangili, bado haijakamilika."

"Nani kakwambia naiamini? Nakuamini wewe uliyeitengeneza." Akajilamba kidole. "Na nisiposhuka, hizi ndizi utaninunulia wewe?"

Tumpe angeweza kwenda kusimama mlangoni mwa handaki na kuwaambia wote. Alirudi kwenye msimbo, kwa sababu alijua kazi yake na alidhani ataiwahi hatari.

Daraja lilikamilika asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda. Aliujenga upya msimbo wote, mtambo ukanguruma, ukatoa miili mitatu bila kosa. Akaifungia bangili ya majaribio ndani ya sanduku la kioo na kufungulia hewa ukaa. Bangili ikapiga kelele mpaka watu wa meza za jirani wakaziba masikio. Tumpe aliziba mdomo asicheke kwa furaha.

Ilibaki kujaribu mbali, kwenye mkono wa mtu aliye kazini. Bangili pekee iliyoruhusiwa kupokea programu isiyopitishwa ilikuwa ile ya ndugu wa mtengenezaji. Majibu yake yalikuja kwenye kioo cha Tumpe tu; ukuta ungeendelea kuchora ya toleo la zamani mpaka jipya lipitishwe. Akairushia. Baada ya kitambo kidogo kioo chake kikajibu:

HEWA: HATARI. PUMZI: DHAIFU.

Akasonya. Toleo la kwanza halikosi kasoro. Bila shaka mahali fulani alikuwa amekosea vipimo. Akainua macho kuutazama ukuta wa mwanga. Mistari ya zamu nzima ilikuwa ya kijani, wa Ambakisye ukiwemo.

"Mlinzi," aliiuliza akili mnemba iliyosimamia ukuta, "hali ya Handaki la Chini?"

"Zamu yote inapumua vizuri, Tumpe."

Aliyeichora picha ile ya kijani alikuwa yeye mwenyewe, na bado macho yake yaliiamini, maana yalikuwa yameizoea. Akafanya kile wanachofanya watu wa kazi yake wasipolipenda jibu la mashine. Akafuta kila kilichojengwa, akaanza upya kutoka kwenye chanzo. Mtambo ukaanza kusaga taratibu. Akaenda kumimina chai, akaongeza tangawizi, akainywa amesimama. Mtambo ulipomaliza akairushia tena bangili ile ile.

HEWA: HATARI. PUMZI: HAKUNA.

"Ndiyo imezidi kuharibika," alinong'ona. Akautazama ukuta ili alinganishe.

Mstari wa Ambakisye ukaruka vijiruko vitatu, kisha ukatulia. Mstari wa chini yake ukafanya vivyo hivyo. Na ule wa chini yake, mpaka wa mwisho, vijiruko vile vile.

Kikombe kilimponyoka.

Nyungunyungu alikuwa ametoboa mshipa wa hewa ukaa. Hewa hiyo haina harufu, tena ni nzito. Hutuama chini kama maji, na Handaki la Chini lilijaa bila sauti. Waokoaji waliobeba mitungi ya oksijeni waliwakuta mafundi wameketi, migongo ukutani, kama watu waliopumzika kidogo. Mikononi mwao taa zilikuwa za kijani. Moja tu ilikuwa nyekundu, nayo bado ililia, sauti ikififia kwa kuishiwa chaji.

Bwana Mzeru alirudi karakana akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Tutasema kipimo kiliharibika," alisema.

"Hakikuharibika." Tumpe hakugeuka kumtazama. "Mara ya kwanza kiliniambia bado yu hai. Nikakifuta."

Bwana Mzeru aliiweka kofia mezani. Akaugeukia ukuta. "Mlinzi, zima mistari ya Handaki la Chini."

"Kanuni hainiruhusu kuizima mistari ya watu walio kazini," ilijibu akili mnemba kwa upole. "Zamu yote inapumua vizuri."

Tumpe alivuta kiti akakaa mbele ya ukuta. Nje, mama na wake wa mafundi walikuwa wameshaanza kufika getini, na vilio vyao vilipenya madirishani.

Ukutani, zamu nzima ikacheka tena.