Gari Lililokosa Pumzi

Jua lilikuwa linazama mama mmoja alipokata kona kuingia gereji ya mwisho barabarani. Kila akikanyaga mafuta gari lilisita, likaguna, likashtuka kama mtu aliyepaliwa, ndipo liende. Na kliniki ilikuwa juu ya kilima. Kwenye kiti cha nyuma mwanawe wa miaka miwili alikuwa anakohoa, mwili moto kama pasi, na baba mtu yuko safarini, simu haipatikani.

Gereji ilikuwa tupu. Fundi mmoja tu, mzee, ananawa mikono kwa petroli.

"Shikamoo fundi. Likisimama linanguruma vizuri tu, ila ukikanyaga linasita, naomba unitazamie haraka, mtoto mgonjwa."

"Marahaba mwanangu. Gari kuukuu ni kama bibi kizee. Ukilikimbiza, linauliza kwanza tunakwenda wapi."

Mama hakucheka. Fundi akafungua boneti. Akachomoa plagi moja moja, akazipuliza. Safi. Chujio la mafuta, safi. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akautia sikioni, kama daktari.

"Kanyaga."

Mmh... mmh... gari likaguna. Nyuma mtoto akakohoa.

"Kanyaga tena."

Alisikiliza muda mrefu. Alipoinua uso hakuitazama injini. Alimtazama mtoto.

"Halina ugonjwa," akanong'ona. "Linakosa pumzi."

Mafundi ndivyo wasemavyo. Hata mumewe husema hivyo hewa isipofika kwenye injini. Basi mama akajibu kama ambavyo yeyote angejibu.

"Lipe basi, fundi! Itoe popote, mradi tufike!"

"Popote?"

"Popote pale, nakuomba, fanya upesi!"

Fundi akainama, midomo ikakaribia kuigusa injini. Harufu ikapanda... Haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya maziwa, ya shingo ya mtoto aliyelala.

Akafunga boneti taratibu.

"Nenda. Usikanyage sana."

Gari likavuta! Halikuguna, halikushtuka, kilima likakipanda kama tambarare. Na kikohozi kikakatika. Afadhali, akajisemea, amepitiwa na usingizi.

Kwenye tuta akaachia mafuta.

Nyuma, mtoto akavuta pumzi ndefu yenye kilio, kama aliyeopolewa majini.

Akakanyaga. Kimya.

Akaachia. Mtoto akahema.

Akakanyaga kidogo tu, kwa ncha ya kidole cha mguu...

Kimya.

Kwenye kioo aliona midomo ya mwanawe imegeuka rangi. Akapiga breki, akazima injini, akachomoa ufunguo, akamnyakua mtoto, akaanza kukimbia kwa miguu kupanda kilima, huku anamwambia hema baba, hema, tunafika, hema. Taa za kliniki zilikuwa zinaonekana. Mtoto alikuwa anahema. Vibaya, lakini anahema.

Nyuma yake, injini ikawaka.

Alisimama. Ufunguo alikuwa ameukaza kiganjani hadi unamuumiza.

Mtu asiyemwona akakanyaga mafuta hadi mwisho.

Kifuani, mtoto akanyamaza.

Juu kulikuwa na daktari, hatua mia hazifiki. Lakini mama aligeuka, akateremka mbio gizani, anaita, anaifuata ile sauti, kwa kuwa pumzi ya mwanawe ilikuwa kule chini. Na kule chini gari lilikuwa limeshageuza, linakwenda... linakwenda... linazidi kwenda mbali.